Mkristo aitazameje Kabala?

Muulizaji: Ndugu zangu, je, Mkristo anaweza kusoma Kabala, yaani elimu ya siri ya Wayahudi kuhusu Mungu, bila kuitia imani yake doa?

Jibu la 1: Kusoma si kuamini. Mwaka 1494 Johannes Reuchlin, Mkristo wa Ujerumani, aliingiza herufi ya Kiebrania iitwayo shini katikati ya herufi 4 za jina la Mungu ili lisomeke kama Yesu.

Jibu la 2: Hapo ndipo ninaposita, kwani huko ni kuwalisha Wayahudi maneno: sefiroti 10 (sifa za Mungu) za Zohari, kitabu kikuu cha Kabala kilichoenea Hispania mwishoni mwa karne ya 13, hueleza jinsi Mungu asiye na mwisho anavyojidhihirisha, wala hazifundishi Utatu.

Muulizaji: Basi nitaanza na Zohari yenyewe, Reuchlin atasubiri.