Nataka kuanza kukusanya vitu vidogo vya Warumi, nianzie wapi?

Mpanda Basi
Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Uingereza kikazi na siku hizi nimenaswa na vitu vya kale. Sanamu na dhahabu nawaachia matajiri. Mimi natamani vya mtu wa kawaida: taa ya udongo, pini ya kufungia joho, sarafu ya kununulia mkate. Kuna taa ya mafuta nimeiona mnadani mtandaoni, paundi 60. Inaenea kiganjani, juu ina tundu la kumiminia mafuta na mbele mdomo wa utambi, ndugu kabisa wa kibatari. Imeandikwa "ya Kirumi, kutoka Syria". Muuzaji anasema ilikuwa ya babu yake, karatasi hana. Niichukue? Na feki zinajulikanaje? Nawasilisha.

Fundi_Saa
Achana nayo mkuu. Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2199 mwaka 2015 kuzuia biashara ya vitu vya kale vilivyotolewa Syria kinyume cha sheria tangu Machi 2011. Mwambie akuonyeshe risiti ya zamani, picha, au katalogi ya mnada wa nyuma. "Babu" si karatasi.

Mchambuzi Huru
Mimi nawapinga wote. Wanunuzi kama nyie ndio mnaowalisha wafukua makaburi. Kitu kikishang'olewa gizani, hakuna atakayejua kilikuwa nyumba gani, kando ya nini. Nenda makumbusho, kiingilio mara nyingi ni bure huko.

Mpanda Basi
Mchambuzi, nimekuelewa. Sasa vipi vile vilivyookotwa hapahapa Uingereza?

BintiLindi
Hapo sasa ndipo pa kuanzia. Kule watu wanapita mashambani na mashine za kutambua metali, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Kwa Sheria ya Hazina ya 1996, vyombo vya dhahabu na fedha vya zaidi ya miaka 300 hutangazwa serikalini ndani ya siku 14. Pini na sarafu mojamoja za shaba kwa kawaida hazimo, ila wengi huzipeleka kwa hiari Portable Antiquities Scheme, mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa, zikapigwe picha na kupewa namba. Muuzaji akikupa namba, unaitafuta mwenyewe kwenye kanzidata yao na kulinganisha kila kovu na kile anachokuuzia. Anza na sarafu za shaba za karne ya 4, zama za Kaizari Constantine na wanawe. Zile zenye maandishi GLORIA EXERCITVS na askari wawili waliosimama na bendera zao zilitolewa kwa wingi mno, kwa hiyo bei yake haitishi.

Kuhusu feki: sarafu halisi iligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili. Ukiona ukingoni mstari wa kalibu, au vitundu vya povu usoni, imemiminwa, kimbia. Taa ni ngumu zaidi, maana hata za kale zilitoka kwenye kalibu ya vipande viwili, na masizi ya mdomoni yanapakwa leo asubuhi.

Fundi_Saa
Nyongeza: ukiona unga wa kijani hafifu kwenye shaba, unaopukutika ukiugusa, hiyo si kutu ya kawaida. Ni chumvi ya kloridi iliyokutana na unyevu, inaitafuna sarafu kutoka ndani. Itenge na nyingine, iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na usithubutu kuisugua kwa ndimu!

Kijana wa Masoko
Jamani, na za Kilwa je? Kuna mtu kijijini anazo, zile ndogo za shaba za masultani, anataka kuniuzia.

BintiLindi
Usiguse. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuviuza au kuvitoa nje bila leseni ni kosa. Mwelekeze kwa ofisa wa mambo ya kale. Na akumbuke ziliokotwa wapi hasa, hilo ndilo watakalomuuliza kwanza.