Familia ya Walukuba, Jinja, Uganda: simu ya watoto

Zaituni (saa 1:10 usiku): Ndugu zangu, ninarudia ombi la Jumapili kwa sababu watu tisa wamelisoma na aliyejibu ni mmoja. Kila mmoja atoe shilingi 30,000, tununue simu moja itakayokaa nyumbani kwa baba ili watoto wafuate masomo ya mtandaoni wakati wa likizo. Ataanza Shamim, ambaye mwaka huu ana mtihani wa darasa la saba, kisha Ismaili, Farida na Yusufu, kila mtoto saa moja.

Juma (1:25): Dada, saa ya Yusufu isiangukie mechi, la sivyo hesabu atajifunza kwa magoli.

Zaituni (1:27): Juma, tuma fedha kwanza. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi 10 Januari 2022, tulitegemea redio ya baba, na mwalimu wa redio hamngojei mtoto ambaye hajaelewa. Somo la simuni Shamim anaweza kulirudia hata mara tano.

Juma (1:31): Betri za redio ile tulizianika juani muda mrefu kuliko tulivyosikiliza masomo.

Hamisi (2:40): Kitakachotushinda ni data. Kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliondolewa Julai 2021, na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Tukimaliza kununua simu, nani ataijaza kila wiki? Hata hivyo, ninaona tena majina manne.

Zaituni (2:42): Hamisi mdogo wangu, Rehema wako yuko darasa la pili na shuleni kwao bado anafundishwa kwa Lusoga, ilhali masomo haya ni ya Kiingereza.

Hamisi (2:44): Sababu haikosekani, dada. Hata mwaka 1997 ilikuwapo.

Asha (2:50): Ujumbe huu umefutwa.

Baba (3:35): Wanangu, mwaka ule serikali iliposema itawalipia ada watoto wanne wa kila familia, aliyeandika majina ni mimi, wala si Zaituni, kwa hiyo mwenye lawama aniletee mimi. Hamisi alijua kusoma kwa kukaa ng'ambo ya meza dada zake walipokuwa wakifanya kazi za shule, na mpaka leo anaweza kusoma gazeti lililopinduliwa. Sitaki mtoto mwingine asome hivyo katika nyumba yangu. Rehema aandikwe.

Mwanaidi (saa 12:20 asubuhi): Asalaam alaykum, baba. Nimeona ujumbe sasa hivi. Mchango ni shilingi ngapi?

Zaituni (12:31): Ni 30,000, nimeandika hapo juu. Rehema nimemwongeza, lakini saa yake itakatwa kwa nani?

Juma (12:33): Isikatwe kwa Yusufu, ligi imerudi.

Hamisi (1:05): Nitatuma 10,000 Ijumaa.

Zaituni (1:06): Hiyo ni ya simu au ya data?