R inajikokota kwenye klasta ya pamoja kuliko kwenye kompyuta mpakato

TakwimuAfya:
Habari zenu wataalamu. Ninachambua data za malaria katika kaya kwa R, lugha ya programu ya takwimu, nikitumia modeli mseto za kifurushi chake cha lme4, na ili nipate makosa sanifu ya kuaminika ninarudia ukadiriaji mara 1,000, kila mara kwa sampuli iliyochotwa upya kutoka katika data ile ile. Kazi hii naituma kwa Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi za klasta, nikiomba viini 8 vya kichakataji na kumbukumbu ya GB 32 kwenye nodi (kompyuta moja ya klasta) yenye viini 64, na katika skripti nimeandika `mclapply(..., mc.cores = detectCores())` ili marudio yagawanywe kwa viini vingi kwa wakati mmoja. Kwenye kompyuta yangu mpakato yenye viini 4 kazi husonga vizuri, ilhali huku hujikokota, kisha husitishwa kwa kuzidisha kumbukumbu. Je, niombe nodi nzima? Ninasita, kwa sababu foleni ni ndefu na wenzangu wanaihitaji nodi hiyo hiyo.

MsimamiziNodi:
Usiombe nodi nzima, ndugu yangu. Tatizo liko kwenye `detectCores()`, ambayo huhesabu viini vyote vya mashine bila kujali Slurm imekugawia vingapi. Hata maelezo rasmi ya R yanasema kuwa haifai kutumiwa moja kwa moja kama thamani ya `mc.cores`. Wewe umepewa viini 8, lakini R inazaa michakato 64 inayogombania viini hivyo vinane. Michakato hiyo huanza kwa kushiriki kumbukumbu ya mzazi wao, ila kila mmoja unapoanza kukokotoa hujitengenezea nakala zake, na hapo ndipo GB 32 zinapokwisha. Tumia `parallelly::availableCores()`, ambayo huheshimu mgao wa Slurm, au soma `SLURM_CPUS_PER_TASK`, mradi uwe umeandika `--cpus-per-task=8` katika ombi lako, kwani bila hivyo kigezo hicho hakiwekwi.

Weka pia `OMP_NUM_THREADS=1`. R iliyounganishwa na OpenBLAS au MKL, maktaba za hesabu za matriki, inaweza kufungua nyuzi nyingi za ukokotoaji ndani ya kila mchakato, na michakato 64 yenye nyuzi 64 kila mmoja ni nyuzi 4,096. Kwa lme4 athari hiyo si kubwa, lakini ukihamia kwenye hesabu nzito za matriki utaiona.

Sampuli_Upya:
Naafiki, ila kwa kazi ya namna hii mimi ningeacha kabisa `mclapply`. Marudio yako hayategemeani, kwa hiyo yagawe kwa `--array=1-100%20`: kazi ndogo 100 za kiini kimoja, kila moja ikifanya marudio 10 na kuhifadhi matokeo yake kwa `saveRDS` katika faili lenye namba yake, huku zisizozidi 20 zikiendeshwa kwa wakati mmoja ili wengine nao wapate nafasi. Slurm hupenyeza kazi fupi katika mianya inayoachwa na kazi kubwa zinazosubiri, na moja ikianguka unairudia hiyo peke yake. Kabla ya kutuma zote, jaribu moja, kisha tazama `MaxRSS` (kilele cha kumbukumbu iliyotumika) na `Elapsed` (muda uliotumika) kwa amri ya `sacct`, uombe kumbukumbu na muda kwa kuongeza kidogo juu ya hapo. Kuomba saa 48 kwa kazi ya dakika 20 ni kujichelewesha mwenyewe kwenye foleni.

TakwimuAfya:
Nimewaelewa vizuri, nashukuru. Nitafuata njia ya `--array`. Juu ya skripti nina `set.seed(123)`, yaani mbegu inayoanzisha namba za nasibu; je, niiache hivyo ilivyo?

Sampuli_Upya:
Hapana, na hili ni zito kuliko suala la kasi, kwa sababu halitatoa ujumbe wowote wa kosa. Kwa mbegu hiyo kazi zote 100 zitachota sampuli 10 zile zile, nawe utaamini una marudio 1,000 kumbe ni 10 yaliyonakiliwa mara mia. Weka `RNGkind("L'Ecuyer-CMRG")` kabla ya `set.seed(123)`, kisha sogeza mkondo kwa `nextRNGStream()` mara zinazolingana na `SLURM_ARRAY_TASK_ID`, yaani namba ya kazi ndogo husika, na uuweke katika `.Random.seed` ya mazingira ya jumla. Kila kazi itakuwa na mkondo wake wa namba za nasibu, na mwenzako akiendesha skripti hiyo hiyo ataweza kurudia uchotaji wako.