Mrejesho: ile pampu ya upepo iliyokuwa inagoma kila baada ya dakika 20

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona: ni pampu ya diafram (utando unaocheza mbele na nyuma kusukuma kimiminika) ya inchi 2, inaendeshwa kwa upepo wa kompresa, inahamisha sabuni ya maji kiwandani. Ilikuwa inapiga vizuri dakika 20 hivi, inapunguza kasi, inazima. Ukiipumzisha nusu saa inawaka kama haijawahi kuumwa. Nilishabadilisha diafram zote mbili na mipira ya valvu, hela ikaenda bure.

Aliyeniambia "ishike sailensa kwa mkono" (kile kipunguza kelele pale upepo uliotumika unapotokea) ndiye aliyepatia. Juzi ilipozima tu nikaishika: ya baridi kama soda iliyotoka friza. Kuifungua, barafu nyeupe imeziba matundu. Barafu, wakuu, Dar hii, saa nane mchana! Kumbe upepo ukitoka pale unatanuka ghafla, unapoa hadi chini ya sifuri, na unyevu uliomo unaganda.

Maji nayo yalitoka kwenye tangi la kompresa, halijamwagwa sijui tangu lini. Nilipofungua koki ya chini yalitoka karibu ndoo nzima, rangi ya chai. Sasa tunamwaga kila asubuhi, nimefunga filta ya kukamata maji karibu na pampu, na presha nimeishusha kutoka bar 7 hadi 4.5. Kasi imepungua kidogo, ila jana imepiga saa sita mfululizo.

Draya ya upepo (mashine ya kukausha unyevu kwenye upepo) bosi anasema tusubiri bajeti. Zile diafram za zamani zilikuwa nzima kabisa, nimezirudisha stoo.