Ulinganisho: pensheni ya CNSS, nyumba za kupangisha au dola za benki – ni kipi kinamlinda mstaafu wa Lubumbashi?

Mhasibu wa Bel-Air

Ndugu wanachama, ninaleta hapa swali ambalo wenzangu wa kazini huniuliza kila wanapopokea karatasi ya mshahara. Katika karatasi hiyo wanaona 5% imekatwa kwa ajili ya pensheni ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Wasichokiona ni kwamba mwajiri naye huongeza 5% katika tawi hilo hilo, mbali na 6.5% ya posho za familia na 1.5% ya ajali na magonjwa ya kazi. Wengi wanaihesabu fedha hiyo kuwa imeshapotea.

Mwenzangu mmoja mwenye umri wa miaka 48 ana uwezo wa kuweka kando dola 200 kwa mwezi. Anasitasita kati ya kujenga vyumba vya kupangisha upande wa Ruashi, hapa hapa Lubumbashi, kuziacha dola zake benki, au kutegemea CNSS pamoja na likelemba ya kazini, yaani mchezo wa kuchangishana fedha na kupokea kwa zamu. Ninaomba tusiishie kulinganisha faida, kwa sababu kila njia ina hatari yake inayobaki mikononi mwa mwenye akiba, na mara nyingi hatari hiyo hujitokeza wakati ambapo hana tena nguvu za kuanza upya.

Papa Kamalondo

Mhasibu, umeuliza vizuri. Katika mji huu hatuwezi kuzungumzia jambo hili bila kukumbuka mwaka 2003, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, waliondoka katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia na ulioitwa kuondoka kwa hiari. Walipokea kiinua mgongo kwa mkupuo baada ya kukaa miezi mingi bila mshahara, na hadi leo wapo wanaodai kwamba hesabu yao ilikatwa pungufu. Mwanaanthropolojia Benjamin Rubbers wa Chuo Kikuu cha Liège amewaandika sana wafanyakazi hao wa zamani, na anayetaka kuielewa Katanga ya leo hana budi kuanzia kwao.

Wadogo zetu mara nyingi husema kwamba wazee wale walitumia fedha vibaya. Mimi sikubaliani nao. Aliyepokea fedha ile alikuwa na madeni ya dukani, ada za shule zilizorundikana na watoto wengi nyumbani. Zaidi ya hayo alikuwa anapoteza kwa siku moja mshahara, hospitali ya kampuni na shule ya kampuni. Hata mtu makini kuliko wote angebanwa. Chukueni mfano wa dola 24,000, fedha ambayo wengi wangeiona nyingi. Ukitoa dola 250 kila mwezi, na fedha hiyo isizae chochote, itakwisha baada ya miezi 96. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 atabaki mikono mitupu akiwa na 68, na hapo hatujahesabu ugonjwa wala msiba. Bandu bandu huisha gogo.

Mwalimu wa Kasapa

Papa, hesabu yako ndiyo kiini cha utafiti wote kuhusu uzeeni. Hatari kubwa ya mstaafu ni kuishi muda mrefu kuliko fedha yake, na hakuna anayejua mapema atafika umri gani. Mwaka 1965 mwanauchumi Menahem Yaari alionyesha kwamba mtu asiye na nia ya kuacha urithi angefaidika zaidi kama angeibadilisha mali yake yote kuwa malipo ya kila mwezi hadi kufa, kwa sababu katika mfuko wa watu wengi, michango ya wanaokufa mapema huwalipa wanaochelewa kufa. Hakuna nyumba wala akaunti ya mtu mmoja inayoweza kufanya kazi hiyo. Hata hivyo, Franco Modigliani alieleza katika hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1985 kwamba ni watu wachache mno wanaonunua malipo ya namna hiyo kwa hiari yao, na wataalamu wanajadili sababu zake hadi leo: hamu ya kuwaachia watoto kitu, familia ambayo tayari inafanya kazi ya bima, na hofu ya mfumuko wa bei.

Kwetu hofu hiyo ya mwisho ina ushahidi mzito. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu faranga 930. Mwishoni mwa 2017 ilikaribia 1,600, na katika mwaka 2024 ilipita 2,700. Mstaafu aliyekuwa akipokea faranga 200,000 alikuwa na thamani ya dola 215 hapo mwanzo. Fedha ile ile, kama haikupandishwa, ingemletea dola 125 mwaka 2017 na pungufu ya 75 mwaka 2024. CNSS, ambayo kufuatia sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilichukua nafasi ya taasisi ya zamani ya INSS ya tangu 1961, inamwondolea mtu hatari ya kuishi sana lakini inamwachia hatari ya sarafu. Ninaona ni haki kuyasema yote mawili, kwa kuwa huku mitaani tunasikia la pili peke yake.

Niongeze neno moja kwa wale wanaosoma mtandaoni ile kanuni ya 4%, yaani mstaafu atoe 4% ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka apandishe kiasi hicho kwa kufuata bei. Aliitoa William Bengen mwaka 1994, akitumia historia ya hisa na hati za dhamana za Marekani na muda wa miaka 30. Kuichukua na kuitumia kwa vyumba vya Ruashi ni kujidanganya. Lakini tahadhari iliyomo ndani yake inatufaa: hasara ya miaka ya kwanza baada ya kustaafu huumiza kuliko hasara ya baadaye, kwa sababu mtu anaendelea kutoa fedha kutoka katika akiba iliyokwisha kupungua.

Kijana wa Golf

Kwa heshima yenu wakubwa, mimi bado naona dola ndiyo jibu. Faranga ikianguka, dola inabaki dola. Mbona tunazunguka?

Mhasibu wa Bel-Air

Mdogo wangu, dola inakulinda dhidi ya kuanguka kwa faranga, na hilo ni kubwa. Lakini nayo huliwa: mwezi Juni 2022 bei za Marekani zilikuwa zimepanda kwa 9.1% ndani ya mwaka mmoja, na dola iliyolala kwenye sanduku haikuongezeka hata senti. Isitoshe, peleka kwa kambisti, mbadilisha fedha wa mtaani, noti ya dola 100 iliyochanika pembeni kidogo tu, uone atakavyoiinua juani, aipapase, kisha akurudishie au akukate sehemu ya thamani yake. Anayeficha dola zake ndani ya godoro kwa miaka kumi na mitano anaweka akiba ya karatasi ambazo hajui kama zitakubalika.

Mama Katuba

Wanaume wameongea kuhusu sarafu. Mimi naomba tuongee kuhusu nyumba, maana ninapangisha.

Nyumba ina uzuri ambao wote mnaujua: pango linahesabiwa kwa dola, na bei ya mahindi ikipanda, pango nalo hufuata, ingawa kwa kuchelewa. Lakini mwenzake Mhasibu asidhani kwamba dola 80 za chumba ni dola 80 za mfukoni. Kuna kodi ya mapato ya pango, ambayo kiwango chake kimezoeleka kuwa 22%. Kuna miezi ambayo mpangaji amehama na chumba kiko wazi. Kuna bati linalovuja mara tu mvua za Novemba zinapoanza, na shimo la choo linalojaa. Garanti, yaani amana ya mpangaji uliyopokea, si mali yako, kwani mpangaji akiondoka ataidai, na wenye nyumba wengi huwa wameshaila. Mwenye miaka 50 anapanda mwenyewe juu ya paa. Mwenye miaka 75 anamlipa mtu.

Halafu kuna karatasi. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ya nchi hii ni ya Serikali, na hati ya usajili ndiyo inayompa mtu haki kamili juu ya kiwanja. Anayejenga kwa fishi ya komini peke yake, yaani karatasi ya kiwanja inayotolewa na ofisi ya mtaa, anaweka uzee wake juu ya karatasi dhaifu, na mimi singempa ushauri huo hata kama kiwanja ni cha bei nafuu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni urithi. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inawapa watoto robo tatu za mirathi, na robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane na upande wa wazazi na ndugu wa marehemu. Mjane ana haki ya matumizi katika nyumba, lakini ninyi mnajua mabaraza ya familia yanavyokwenda baada ya matanga. Jirani yangu aliwekewa masanduku yake barazani na mashemeji kabla hata viti vya msiba havijarudishwa. Pensheni ya mjane inatoka kwa jina lake, na shemeji hawezi kuhamia ndani yake. Kwa mwanamke, hilo lina uzito ambao jedwali la faida haliwezi kuonyesha.

Papa Kamalondo

Mama, asante sana. Na likelemba?

Mwalimu wa Kasapa

Likelemba ni chombo kizuri cha kukusanya, lakini si chombo cha kuzeekea, kwa sababu inamtaka kila mwanachama awe na kipato kila mwezi. Siku utakapoacha kupata mshahara ndiyo siku utakayotoka. Utafiti wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hata sanduku la kawaida lenye kufuli liliwasaidia watu kuweka akiba zaidi kwa ajili ya afya, na kwamba kikundi chenye lengo lililotajwa kilisaidia pia. Funzo ninaloliona humo ni matumizi ya likelemba kama ngazi: zamu yako inapofika, fedha iende moja kwa moja kwenye matofali au akaunti ya muda maalumu. Richard Thaler na Shlomo Benartzi walipowashawishi wafanyakazi wa kampuni moja ya Marekani waahidi mapema kuongeza akiba kila mshahara unapopanda, kiwango chao kilitoka 3.5% hadi 13.6% ndani ya miezi 40. Ahadi ya kesho haiumi kama makato ya leo.

Kwa jirani zetu wapo waliojaribu kuwaingiza hata wasio na mwajiri: Kenya ilianzisha mpango wa Mbao mwaka 2011 kwa mchango wa shilingi 20 kwa siku, na Rwanda ikaanzisha Ejo Heza mwishoni mwa 2018. Mama zetu wa soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi yenye jina kama la nchi hiyo, wangestahili kitu kama hicho.

Mhasibu wa Bel-Air

Basi nitamshauri hivi. Asiiache CNSS wala asikubali mwajiri amtangaze kwa mshahara mdogo kuliko anaoupata, kwa sababu pensheni itahesabiwa kwa mshahara uliotangazwa. Na aende mwenyewe kukagua kama michango yake yote imeandikwa, maana kuitafuta miezi iliyopotea ukiwa bado na mwajiri ni kazi ndogo kuliko kuitafuta baada ya kampuni kufungwa. Dola 200 zijenge kwanza chumba kimoja chenye hati kamili, si viwili vya haraka, na sehemu ibaki benki kwa dola, ya kutosha mwaka mzima wa matumizi, ili asilazimike kuuza kiwanja kwa sababu ya ugonjwa.

Kijana wa Golf

Nimekubali, wakubwa. Swali moja kwa Mama Katuba: kama watu walitoa mahari tu na hawakupita komini, huyo mjane atapata hiyo pensheni?

Mama Katuba

Mwanangu, ndoa ya kimila inatambuliwa, lakini sheria inataka iandikishwe, na ofisi itadai cheti. Nendeni eta sivili, ofisi ya kuandikisha ndoa na vizazi, wote wawili mkiwa hai, mkaandikishe na kila mtoto, kisha picha ya cheti ipelekwe kwenye faili la mume la CNSS na nyingine ibaki kwa mke, mahali ambapo mashemeji hawafiki.