Vitabu vya Hemingway: kipi namba moja, kipi kinaburuta mkia?

MLETA MADA

Wakuu, ukimtaja mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway kwa wasomaji wa huku na kuuliza kitabu chake bora, jibu linakuja hujamaliza hata swali: Mzee na Bahari (The Old Man and the Sea). Ndicho kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, ndicho chembamba, tena ndicho kilichompa tuzo ya Pulitzer ya Marekani mwaka 1953, Nobel ikafuata 1954. Mimi nakataa. Hakistahili hata nafasi ya tatu.

Orodha yangu hii hapa. Juu kabisa The Sun Also Rises (1926), kisha A Farewell to Arms (1929), kisha For Whom the Bell Tolls (1940). Mzee na Bahari (1952) cha nne. Mkiani ni Across the River and into the Trees (1950), na hapo sibishani na mtu.

Kipimo changu amekitoa mwenyewe, katika Death in the Afternoon (1932): maandishi mazuri ni kama barafu kubwa inayoelea baharini, moja ya nane tu ndiyo iliyo juu ya maji. Kila alipoficha, alipatia. Kila alipoanza kujieleza, alijiharibia.

Mtazameni Jake Barnes wa The Sun Also Rises. Vita vimemwachia jeraha lisilomruhusu kulala na mwanamke, naye anampenda Brett kufa. Usiku mmoja anavua nguo mbele ya kioo cha kabati, anajiona. Anawaza nini? Kwamba kupamba chumba hivyo ni desturi ya Wafaransa, tena lina manufaa. Mtu kaumizwa utu uzima wake anatufundisha mambo ya samani! Ukisoma pale unajua maumivu yako wapi bila kuambiwa.

Sasa mweke kando ya Kanali Cantwell wa Across the River. Umri miaka 50, moyo mgonjwa, yuko Venice na binti Renata anayekaribia 19. Kazi yake kurasa nenda rudi ni kumsimulia vita na kuwaponda majenerali, na binti anamwomba aendelee. Nani anaomba hivyo? Wakosoaji walikishukia kama mwewe, na mwandishi E. B. White akakitungia dhihaka katika jarida la The New Yorker. Haki yao.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, kwa heshima zote, hapo kwa Mzee na Bahari umechemka. Sisi wa pwani tunajua mtu anayeijua bahari na mtu anayeisikia. Mvuvi Santiago amekaa siku 84 hajapata kitu. Anatega mishipi minne: pima 40, pima 75, pima 100, pima 125. Shina la ndoana kalificha ndani ya samaki wa chambo, akafunga na kushona, na ile sehemu iliyochomoza akaivika dagaa wabichi, samaki mkubwa asiguse popote pasipo na harufu nzuri. Huyo mwandishi kakaa chomboni, wallahi.

Na ukitaka kilichofichwa, kiko. Ukutani kwake palikuwa na picha ya marehemu mkewe. Ameishusha kwa sababu akiiona upweke unamzidi, akaiweka kwenye rafu pembeni, chini ya shati lake safi. Sentensi moja, imekwisha, hairudii tena. Kama si hiyo barafu yako, ni nini?

MLETA MADA

Picha nakupa, kaka. Ni sentensi ya kumwonea wivu mwandishi. Lakini twende mwishoni. Papa wanakuja, mzee anatoa sauti ambayo mwandishi anasema ni kama ya mtu anayehisi msumari ukipenya mkononi hadi kwenye ubao. Halafu anabeba mlingoti kupanda kilima, anaanguka, anapumzika mara tano, analala kifudifudi, mikono ameinyoosha, viganja juu. Basi jamani, tumeelewa, ni msalaba! Aliyetufichia maumivu ya Jake sasa anatupigia kengele.

MCHANGIAJI WA PILI

Kengele? Basi kengele yenyewe, For Whom the Bell Tolls, ile ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Hispania, ndiyo iwe namba moja. Someni pale Pilar, mwanamke wa kundi la wapiganaji, anaposimulia jinsi kijiji kilivyowapitisha mafashisti katikati ya safu mbili za wanaume wenye marungu ya kupuria nafaka, mpaka ukingo wa genge. Na wauaji ndio upande wa wema wetu! Mwaka 1941 ilipendekezwa ipewe Pulitzer, rais wa chuo kikuu cha Columbia akaweka mguu, tuzo ya riwaya haikutolewa kabisa mwaka huo. Sina la ziada.

MCHANGIAJI WA TATU

Kaka zangu mmezunguka Venice, Hispania, Cuba, na hakuna aliyegusa Green Hills of Africa (1935). Kitabu cha uwindaji wa hapa hapa Tanganyika, mwisho wa 1933 hadi mwanzo wa 1934, nyie mnakirukia kama dimbwi. Kwangu hicho ndicho cha mkiani. Anayejua pori ni M'Cola, mbeba bunduki wake, wengine wamepachikwa majina ya utani, Droopy, Garrick, huyu wa mwisho kwa kuwa bwana mkubwa alimwona ana maigizo mengi. Na sisi tunafuatishwa pembe za tandala kurasa kwa kurasa, eti nani kapata ndefu.

MLETA MADA

Dada, nilikiacha kwa kuwa si riwaya. Dibajini mwenyewe anasema alijaribu kuandika kitabu cha kweli tupu aone kama kitashindana na cha kubuni. Na angalau wivu wake hakuuficha: anapata tandala wake, anarudi kambini kifua mbele, anakuta Karl, mwindaji mwenzake, kapata mkubwa zaidi. Halafu safari ile ile ilizaa The Snows of Kilimanjaro (1936), mwandishi anayeoza mguu kwa mchubuko wa mwiba. Hadithi hiyo fupi inaishinda nusu ya riwaya zake.

MCHANGIAJI WA TATU

Inazishinda, sikatai. Na humo mtu wetu ni nani? Molo, wa kuagizwa wiski na soda. Sasa rudi kwenye hiyo hiyo barafu yako, kaka, maana umeisoma nusu. Pale pale anaongeza kwamba mwandishi anayeacha mambo kwa sababu hayajui anaacha matundu tu katika kazi yake. Jeraha la Jake alilijua akalificha. Mke wa Santiago, sawa, naye alimjua. M'Cola alirudi kwa nani usiku? Alimwonaje huyu Mmarekani anayekosa shabaha na kumnunia rafiki yake? Hakuficha hayo, hakuyajua. Kwa kipimo ulichokileta wewe, nipangie hicho kitabu nafasi yake.