Kwa nini Marijani Rajab aliitwa Jabali la Muziki?

Wakuu, habari za jioni. Marehemu baba aliacha kaseti moja, karatasi yake imefutika, limebaki neno "Marijani" kwa kalamu ya bluu. Utepe ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa penseli kama alivyokuwa akifanya yeye. Ikalia "Zuwena". Mama akaacha kuchambua mchele, akakaa kimya mpaka wimbo ukaisha. Mimi nilikuwa mdogo Marijani alipofariki 1995. Waliomwona jukwaani, nisimulieni.

Jibu: Pole kwa baba, mwanangu. Mimi nilimsikia tangu bendi ya Safari Trippers, kabla hajaenda bendi ya Dar International. Ukubwa wake ulikuwa katika kusimulia. Hakuwa na haraka. Neno analitamka lote, unamwona mtu anayeimbwa, unajua kakosewa wapi. Sisi vijana tulikuwa tunasimama karibu na spika, hatuchezi, tunasikiliza maneno. Jina la Jabali lilimkaa.

Jibu: Naongeza, mtoto wa Kariakoo huyo, kazaliwa 1955. Kinachoniuma ni kwamba nyimbo zilipigwa redioni nchi nzima, lakini miaka ya mwisho alikuwa anauza kaseti ili aishi. Kafa na miaka 40 tu!

Muuliza swali: Asanteni sana wazee wangu. Mama anasema kwenye ule wimbo baba alikuwa anaitikia kwa sauti ya pili. Kesho naipeleka kaseti kwa fundi ainakili kwenye simu ya mama, kabla utepe haujakatika.